Yakuti ya Mangare na mawingu ya vibete kahawia

Mnunuzi wa vito mjini Voi haamini rangi. Jiwe jekundu linalotolewa kwenye karatasi iliyokunjwa laweza kuwa yakuti ya Mangare, laweza kuwa ganeti, tena laweza kuwa kipande cha kioo kilichochongwa na fundi hodari. Macho matupu hudanganyika, na bei za vitu hivyo vitatu hazikaribiani hata kidogo. Kwa hiyo mwenye vifaa huchukua tochi, akalimulika jiwe kwa nyuma, kisha akachungulia kupitia kibomba kidogo cha chuma kinachoingia mfukoni bila shida. Kibomba hicho huitwa spektroskopu. Mwanga uliopita kwenye jiwe hutawanywa humo ukawa utepe wa rangi, kuanzia nyekundu hadi zambarau, na mchunguliaji hutafuta rangi zilizokosekana.

Yakuti nyekundu ina chembe chache za kromiamu, nayo kromiamu humeza sehemu kubwa ya kijani na manjano, huchora mistari miembamba myeusi katika buluu, kisha huacha mstari unaong'aa kwenye nyekundu iliyokolea, karibu na nanomita 694. Ganeti jekundu lenye chuma halifanyi hivyo. Lenyewe huweka mabaka matatu ya giza, kwenye nanomita 505, 527 na 576. Anayeyaona mabaka hayo hana haja ya kubishana na dalali. Jiwe limekwisha kujitaja.

Kaunti ya Taita Taveta ina mawe mengi ya kujitaja hivyo. Maarufu kuliko yote ni tsavoraiti, ganeti la kijani ambalo mwanajiolojia Campbell Bridges alilikuta kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, akaufuata mwamba ule ule kuvuka mpaka na kulipata tena upande wa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya Tiffany ya New York ililitangaza kwa jina hilo mwaka 1974, kwa heshima ya mbuga ya Tsavo. Ukijani wake unatokana na vanadi na kromiamu, tena kwa kiasi kidogo sana. Ganeti la jamii hiyo lisilo na elementi hizo huwa halina rangi, nalo haliwezi kumlipia mchimbaji wa Kamtonga au Kuranze hata nauli ya kurudi nyumbani.

Sanaa hiyo ya kusoma mwanga imewahi pia kupandishwa ndege juu ya milima ya Taita. Chuo Kikuu cha Helsinki cha Ufini kina kituo cha utafiti Wundanyi, na katika miaka ya 2012 na 2013 timu ya profesa wa jiografia Petri Pellikka ilirusha angani kamera inayougawa mwanga katika vipande vyembamba vingi kuliko jicho linavyoweza kupambanua. Kwa mpita njia, jani la mkaratusi na jani la mti wa asili wa msitu wa Ngangao yote ni kijani. Kwa kamera ile, kila moja lina namna yake ya kumeza na kurudisha mwanga, hasa katika infraredi, ule mwanga ulio nje ya nyekundu ambao ngozi huuhisi kama joto lakini jicho haliuoni. Kutokana na data hizo watafiti waliweza kuchora ramani ya mahali mikaratusi na miwati ya kigeni ilipojipenyeza, bila kulazimika kuukagua kila mti kwa miguu.

Mahali ambapo njia hii haina mbadala ni angani. Hakuna chombo kitakachokwenda kuchota hewa ya kitu kilicho umbali wa miaka ya nuru saba, seuze hamsini. Kinachotufikia ni mwanga tu. Na miongoni mwa vitu vilivyofichuliwa na mwanga huo katika miaka thelathini iliyopita, vichache vimewashangaza wataalamu kama vibete kahawia.

Kibete kahawia huanza safari ya kuwa nyota kikaishia njiani. Wingu la gesi hujikunja kwa uzito wake, kiini hupata joto, lakini tungamo halitoshi. Kwa kawaida, kitu chenye tungamo chini ya takriban mara 75 ya sayari ya Mshtarii hakiwezi kuichoma hidrojeni yake mfululizo kama lifanyavyo Jua. Kikizidi mara 13 hivi huchoma kidogo ile hidrojeni nzito iitwayo deuteri, akiba inakwisha, na baada ya hapo hakuna kazi nyingine isipokuwa kupoa. Hupoa kwa mabilioni ya miaka. Umbo lake ni dogo pia: hata chenye tungamo la Mshtarii hamsini kina upana unaokaribia wa Mshtarii moja tu.

Mwanafizikia Shiv Kumar alifanya hesabu za vitu hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina tunalolitumia lilitolewa na Mmarekani Jill Tarter mwaka 1975, wakati hakuna mtu aliyewahi kukiona kimoja. Miaka ishirini mingine ikapita hivyo hivyo, wawindaji wakitangaza na kufuta matangazo yao.

Mwaka 1995 vikapatikana viwili. Cha kwanza, Teide 1, kilikuwa ndani ya Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wakulima na mabaharia wa pwani yetu wamelitumia tangu jadi kujua majira. Rafael Rebolo na wenzake wa Visiwa vya Kanari walikitambua, na mwaka uliofuata spektra yake ikatoa ushahidi uliokuwa ukitafutwa: mstari wa lithi katika nyekundu. Nyota ya kweli, hata ikiwa ndogo, huiteketeza lithi yake yote mapema. Kitu cha umri wa Kilimia chenye mwanga hafifu kiasi kile, na lithi bado imo, hakikupata kuwa na moto wa nyota.

Cha pili ndicho kilichofungua mlango wa somo lenyewe. Chini ya miguu ya Jabari kuna kundinyota la Arinabu, na humo mna nyota nyekundu dhaifu iitwayo Gliese 229, umbali wa miaka ya nuru 19 hivi. Kutoka Voi, jioni ya Januari, eneo hilo hupanda juu kabisa, ingawa nyota yenyewe huhitaji darubini ya mkono ili ionekane. Timu iliyotumia darubini ya Palomar, California, wakiwemo Tadashi Nakajima, Ben Oppenheimer na Shri Kulkarni, iliona kidoa kando ya nyota hiyo. Spektra ya infraredi ilipopigwa, yale mapengo mapana yaliyojitokeza hayakufanana na ya nyota yoyote. Yalifanana na ya Mshtarii. Yalikuwa mapengo ya methani.

Uzito wa ushahidi huu unatokana na kemia ya joto. Kaboni ikiwa katika gesi yenye joto kali hushikana na oksijeni na kuwa monoksidi ya kaboni. Joto likishuka chini ya nyuzi elfu moja hivi, kaboni huiacha oksijeni ikaenda kwa hidrojeni, ikawa methani; oksijeni iliyoachwa nayo huunda mvuke wa maji. Nitrojeni husubiri baridi zaidi ndipo igeuke amonia. Kwa hiyo methani katika spektra ni kama kipimajoto kilichokwishasomwa: hakuna nyota, hata iliyo hafifu namna gani, yenye uso wa baridi ya kutosha kuihifadhi. Gliese 229B ilikuwa na joto la nyuzi 700 hivi za selsiasi. Ubishi wa miaka ishirini ukaisha kwa picha moja ya mistari.

Rangi yake nayo ilikuwa mshangao. Mvuke wa sodiamu na potasiamu katika vibete vya namna hii humeza manjano na nyekundu kwa upana usio wa kawaida, kwa sababu atomi zimebanwa na gesi nzito inayozizunguka. Kinachobaki kwa jicho la binadamu, kama lingefika karibu, kingekuwa waridi iliyoiva. Ukahawia umo kwenye jina tu.

Halafu zikaanza hesabu zisizokubaliana. Katika hewa ya Gliese 229B kulionekana pia monoksidi ya kaboni, nyingi kuliko kemia ya joto lile inavyoruhusu. Maelezo yaliyokubalika ni mwendo. Sufuria ya maharagwe inapotokota, punje za chini hupanda juu kabla hazijapoa. Vivyo hivyo gesi ya kina kirefu chenye joto hupandishwa haraka kuliko kaboni inavyoweza kubadilisha mwenzi, na darubini huikuta juu ikiwa bado na sura ya kule chini. Kwa kupima ni kiasi gani cha monoksidi kimepanda, wataalamu hukadiria kasi ya mchanganyiko huo wima, mahali ambapo hakuna atakayewahi kuupima upepo kwa chombo.

Hesabu ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo hadithi tamu kuliko zote katika fani hii. Kadiri Gliese 229B ilivyozunguka nyota yake ndivyo tungamo lake lilivyoweza kupimwa, na jibu likatoka mara 71 hivi ya Mshtarii. Kitu kizito kiasi hicho kilipaswa kung'aa zaidi ya kilivyong'aa. Ama nadharia ya kupoa ilikuwa na kasoro, ama kuna kitu kilichofichika. Mwaka 2024 jibu lilitoka kwa darubini kubwa za Chile: si kitu kimoja, ni viwili. Kimoja kina tungamo la Mshtarii 38, kingine 34, vinazungukana kila baada ya siku 12, vikiwa vimeachana kwa umbali wa takriban mara 16 ya ule wa Dunia na Mwezi. Sehemu ya ushahidi ilikuwa mistari ya spektra, iliyosogea huku na huko kadiri pacha mmoja alivyokuja upande wetu na mwingine alivyokwenda zake. Kwa karibu miaka thelathini, kibete maarufu kuliko vyote kilikuwa kimehesabiwa vibaya, na nadharia ya kupoa ikatoka salama.

Sasa turudi Mangare, kwa sababu mawe yake yana ndugu huko juu. Mwaka 1973 wanajiolojia John Saul na Elliot Miller waligundua yakuti nyekundu ndani ya eneo la Tsavo Magharibi, na mgodi wenye jina la Saul umekuwa miongoni mwa migodi mashuhuri ya jiwe hilo duniani. Yakuti, iwe nyekundu au buluu, ni madini yaitwayo korundumu: alumini na oksijeni, basi. Yale ya Taita yaliivishwa ndani ya miamba zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Katika vibete kahawia vyenye joto, madini hayo hayahitaji mwamba. Kemia inaonyesha kwamba gesi ikishuka hadi karibu nyuzi 1,500, alumini na oksijeni huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuganda, vikawa chembe ndogo za korundumu zinazoelea angani. Joto likipungua zaidi hufuata silika zenye magnesi, jamii kubwa ya madini ambayo ganeti nalo limo, pamoja na matone ya chuma. Hayo ndiyo mawingu ya kule. Hapa kwetu maji hupanda kama mvuke na kuganda kuwa wingu juu ya mlima wa Sagalla. Kule vitu vinavyopanda na kuganda ni mawe.

Korundumu yenyewe inatajwa na hesabu za kemia, haijachorwa wazi kwenye spektra kama ndugu zake. Silika zimeonekana. Darubini ya angani ya Spitzer ilinasa pengo lake karibu na mikromita 10 katika vibete vingi vya joto la kati, na darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ikaliona kwa undani katika kitu kiitwacho VHS 1256 b, ambacho siku yake ina saa 22 hivi.

Mawingu haya hayatandi sawasawa. Mwaka 2013 Kevin Luhman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State alitangaza jozi ya vibete umbali wa miaka ya nuru 6.5 tu. Mwaka uliofuata Ian Crossfield na wenzake waliisoma mistari ya kimojawapo kilipokuwa kikijizungusha, wakapata ramani ya mabaka yenye giza na yenye nuru juu ya uso wake. Ilikuwa ramani ya kwanza ya hali ya hewa ya kibete kahawia. Jozi hiyo imo upande wa kusini wa anga, mahali ambapo darubini nyingi za Ulaya haziwezi kufika lakini mtu wa Voi hupaona bila kuhama.

Kibete kikizidi kupoa, mawingu ya mawe huzama chini ya tabaka tunaloliona, kama masimbi ya mto baada ya mafuriko, na anga ya juu husafika. Hapo ndipo vinapoanza vibete baridi, kundi ambalo wataalamu huliita T na, baridi zaidi, Y. Mawingu mapya huwa ya chumvi ya potasiamu na salfidi. Halafu maji. Halafu, kama joto limeshuka vya kutosha, amonia.

Kuvitafuta vibete vya Y kulihitaji hila. Mwanga wao mwingi uko karibu na mikromita 4.6, ilhali methani humeza karibu kila kitu kwenye 3.4. Wahandisi wa darubini ya angani ya WISE, iliyorushwa Desemba 2009, walichagua vichujio viwili vya infraredi kwenye urefu huo huo. Nyota ya kawaida huonekana katika picha zote mbili. Kibete baridi huonekana katika moja, na katika nyingine hufifia au hutoweka kabisa. Kwa mtego huo vibete sita vya kwanza vya Y vilitangazwa Agosti 2011, na kimoja kilikadiriwa wakati huo kuwa na nyuzi 25 tu za selsiasi, pungufu ya adhuhuri ya kawaida ya Voi. Vipimo vya baadaye vimekipandisha joto, lakini dhana ya nyota baridi kuliko chai ilikuwa imeshaingia vitabuni.

Rekodi ya ubaridi ilivunjwa na Luhman yule yule mwaka 2014. WISE 0855 iko umbali wa miaka ya nuru 7.4, mfumo wa nne kwa ukaribu na Jua. Makadirio ya kwanza yaliiweka kati ya nyuzi 48 na 13 chini ya sifuri. Vipimo vya James Webb sasa vinaiweka karibu na nyuzi 12 juu ya sifuri, baridi ambayo mkazi wa Wundanyi anaimudu kwa sweta. Tungamo lake ni la Mshtarii chache, labda tatu, labda kumi.

Na kwa bahati ya jiografia, iko juu ya vichwa vya watu wa Voi. Mji uko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. WISE 0855 iko nyuzi saba kusini mwa ikweta ya anga, katika kundinyota la Shuja. Mwishoni mwa Machi, mnamo saa tatu usiku, hupita karibu kabisa na utosi. Atakayetoka nje wakati huo, kama mvua za masika hazijafunga anga, atakuwa ameielekea moja kwa moja na hataona kitu. Hata darubini kubwa za ardhini hupata shida nayo. Haina mwanga wa kuonekana wa maana, na mvuke wa maji katika hewa yetu humeza sehemu nzuri ya infraredi yake. Kilichopona hufunikwa na joto la hewa yenyewe na la kifaa. Tatizo la hewa kuzuia mwanga si geni katika eneo hili. Kwa sababu kama hiyo, tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa la San Marco karibu na Malindi lilirusha Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei, kwa kuwa eksirei za angani hazifiki chini.

James Webb, ikiwa umbali wa kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani na kioo chake kimepozwa kwenye kivuli, haina shida hizo. Spektra yake ya WISE 0855 imejaa mvuke wa maji, methani na amonia, pamoja na monoksidi ya kaboni iliyopandishwa kutoka chini. Imeonyesha pia methani ambayo hidrojeni yake moja ni deuteri, jambo linaloafikiana na tungamo dogo: kitu kilichozidi Mshtarii 13 kingekuwa kimeichoma. Mawingu ya barafu ya maji bado ni hoja ya mjadala. Kilichokosekana ni fosfini, gesi ya fosforasi na hidrojeni, ambayo imo katika Mshtarii na ambayo nadharia ilisema lazima iwepo.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nguvu zote hizi zipotezwe kwa nyota zilizoshindwa wakati kuna sayari za kuchunguza. Jibu linapatikana katika sayari ambayo Wakenya wana haki ya kuiita yao. Katika shindano la Umoja wa Kimataifa wa Astronomia la mwaka 2022, kikundi cha Kenya kiliipa sayari GJ 1214 b jina la Kimaa la Enaiposha, na nyota yake ikaitwa Orkaria. Iko umbali wa miaka ya nuru 48 katika kundinyota la Hawaa, ina upana wa karibu mara 2.7 ya Dunia, na huizunguka nyota yake kwa siku moja na nusu hivi. Darubini ya Hubble ilitumia mizunguko 60 kuichunguza, na matokeo ya mwaka 2014 yalikuwa utepe ulionyooka bila pengo hata moja. Ukungu wa juu ulikuwa umeziba kila kitu. James Webb ilipima joto lake mwaka 2023, nyuzi 280 hivi upande wa mchana na 165 upande wa usiku, ikathibitisha kwamba ukungu ule hurudisha mwanga mwingi; baadaye zikaonekana dalili hafifu za dioksidi ya kaboni. Mafanikio ya haba na haba, kwa sababu mwanga wa Orkaria hufunika ule wa Enaiposha.

Kibete kahawia kilicho peke yake hakina nyota ya kukifunika. Hewa yake ni ya jamii moja na ya sayari kubwa za gesi, joto lake linaweza kuwa lile lile, na spektra yake husomeka kwa uwazi ambao mtafiti wa sayari huuota tu. Kemia inayojaribiwa hapo ndiyo inayopelekwa baadaye kwenye Enaiposha na wenzake.

Kazi yenyewe haijafungiwa wenye darubini. Tangu Februari 2017, mradi wa kujitolea uitwao Backyard Worlds umewaalika watu wa kawaida kupitia picha za WISE katika kompyuta zao na kutafuta vidoa vinavyosogea, na maelfu wameitikia. Mwanafunzi wa uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta anahitaji intaneti na subira tu. Kibete W1935, umbali wa miaka ya nuru 47, kilipatikana kwa njia hiyo. James Webb ilipokielekea, timu ya Jackie Faherty wa jumba la makumbusho la historia ya asili la New York iliona jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: methani yake, badala ya kumeza mwanga, ilikuwa ikiutoa. Maana yake anga ya juu ina joto kuliko ya chini. Katika Mshtarii joto la namna hiyo huhusishwa na nuru za ncha, zinazochochewa na upepo wa Jua na mwezi wake Io wenye volkano. W1935 haina jua. Labda ina mwezi.

Mradi huo huo ulichangia kibete kingine, kilichonaswa kwa bahati na mmoja wa wajitoleaji kikapewa jina la utani la Ajali. Ni kizee, kina miaka zaidi ya bilioni 10, kilizaliwa kabla galaksi haijajaa elementi nzito. Mwaka 2025 Faherty na wenzake waliripoti kwamba spektra yake ina sileni, silikoni iliyoshikana na hidrojeni, gesi iliyotafutwa katika Mshtarii kwa miongo bila kuonekana. Katika Mshtarii na vibete vya umri wa kawaida, silikoni yote hunyakuliwa na oksijeni, ikageuka madini ya jamii ya ganeti na mchanga, ikazama chini ya mawingu. Ajali ilizaliwa na oksijeni haba, na silikoni iliyokosa oksijeni ikabaki juu ikiwa gesi.

Umaskini huo huo wa elementi nzito umetajwa katika suala la fosfini. Mwaka 2025 pia, timu ya Adam Burgasser iliipata gesi hiyo katika Wolf 1130C, kibete cha umri mkubwa kilicho umbali wa miaka ya nuru 54, kwa kiasi cha sehemu moja katika milioni kumi, karibu kama nadharia ilivyotabiri. Wazo mojawapo ni kwamba oksijeni ikiwa chache, fosforasi huachiwa hidrojeni. Wazo jingine linaitazama nyota mfu inayoandamana na Wolf 1130C, kwamba huenda iliitapikia fosforasi zamani. Wakati huohuo WISE 0855, iliyo karibu nasi mara saba kuliko hiyo, bado haijaonyesha fosfini ya kutosha kupimika, na nadharia iliyo sahihi kwa kibete kimoja haijaeleza kwa nini inakosea kwa kingine.